Vichuguu vya Barabara ya Kipushi

Mwalimu hakuwahi kushonewa nguo Lubumbashi. Mji umejaa mafundi wa cherehani, ukitupa jiwe unampiga mmoja, lakini yeye suruali zake zote alikwenda kushonewa Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia, kwa mzee mmoja asiyeona vizuri, ambaye kila mara alimtolea mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nilikuwa nampeleka mimi. Nina teksi, na yeye alinifundisha darasa la sita, na mtu aliyekuchapa fimbo kwa sababu ya hesabu za sehemu huwezi kumwambia leo gari halina mafuta. Nilipomuuliza kwa nini asishonewe mtaani kwetu, alitazama dirishani kama hakusikia. Sababu nilikuja kuijua baadaye, na tangu niijue sikuuliza tena habari za suruali.

Mjini alijulikana kwa jambo moja. Ukitaka kuona mahali ilipopiganwa vita ya sécession, ya Katanga kujitenga na Kongo, unamtafuta yeye. Ile vita wengine waliiita vita ya uhuru wa Katanga, wengine vita ya ONU, ya Umoja wa Mataifa, na wengine mpaka leo hawataki kuitaja. Yeye aliiita vita, basi. Walimjia wanafunzi wa chuo kikuu, mapadri, na watoto wa Kongo waliozaliwa Ubelgiji wakitafuta ukuta ambapo babu yao alisimamishwa. Aliwapakia kwenye teksi yangu, yeye mbele, wao nyuma wamebanana, tukaanza kuzunguka.

Hakuwa na ramani wala vitabu. "Vita haina sanamu," alikuwa akiwaambia. "Vita iko na adresi." Basi alikuwa anasimama mbele ya nyumba ya mtu, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mnunuzi wa tikiti maji, pole pole, mpaka sauti ibadilike. Hapo anasema: hapa balipiga plasta. Kisha anabisha hodi, anaomba maji ya kunywa, na huku kikombe kiko mkononi anaeleza yote: nani alilala kwenye mtaro huu, risasi zilitoka upande gani, nani alichelewa kukimbia. Hakupunguza sauti kwa ajili ya mwenye nyumba. Wengi walikuwa wanasikia habari za nyumba yao kwa mara ya kwanza, na mama mmoja karibu na reli alihamisha kitanda chake wiki ile ile. Alikuja kunigombeza mimi, si yeye. Yeye nani angethubutu kumgombeza?

Mwanafunzi mmoja alimuuliza, katika vita hiyo nani alishinda. Swali la kawaida, mtoto wa watu alikuwa ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu alimwambia avue viatu, akamtembeza peku juu ya kokoto za reli kutoka darajani mpaka pale reli inapokata kona, jua la saa saba, na sisi tunafuata kwa gari kando ya njia. Walipofika akamwambia, haya, sasa niambie wewe nani alishinda. Yule kijana alilia. Mimi sitamsifu mtu kwa sababu amezeeka: Mwalimu alikuwa mkali, na siku nyingine alikuwa mkatili tu, na alijua.

Lakini mtu huyo huyo hakuweza kuona mtoto anachezea bunduki ya mti. Angemnyang'anya, angeivunja juu ya goti, halafu kesho yake angemletea mpira. Alikuwa anakunywa bia moja Jumamosi, moja, na kama ulimwongeza ya pili alikupa mkono akaenda zake. Alipenda bukari ya moto, ugali wetu, na samaki wa kukauka, alipenda nyimbo za Kilatini, na alikuwa na sauti nzito iliyobeba upande mzima wa wanaume kanisani. Alikaa benchi la tatu, kila Jumapili, miaka yote. Padri akisema tupeane amani, watu wote wanageuka, wanashikana mikono, na Mwalimu anaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kutazama altare.

Benchi la nne, nyuma yake kabisa, alikaa Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo wa mtaa wetu, mzee mtulivu, mwenye mafuta mazuri ya nywele na sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa shati. Mashati meupe ya shule yetu yote aliyashona yeye. Fikiria basi: Mwalimu anaingia darasani asubuhi, anageuka kutoka ubaoni, na mbele yake wamekaa watoto hamsini waliovaa mkono wa mtu yule. Sisi hatukujua kitu. Tulichojua ni kwamba mtoto ambaye shati lake limefumuka kwapani anapendwa. Langu lilifumuka mwezi wa kwanza, na mama yangu akawa mzembe wa kulishona, basi mwaka mzima nilikaa mbele na kupewa chaki za rangi. Nilidhani ni akili zangu.

Siku moja, tayari nina ndevu na teksi, nilimuuliza kwa nini asihame benchi kanisani kama mtu yule anamkera hivyo. Akasema yeye ndiye aliyelichagua lile benchi. Alitaka kila Jumapili Fundi asipate kumwona Mungu bila kuona kwanza shingo yake. Ala! Nilikaribia kugonga mkokoteni wa makaa.

Siku hiyo ndiyo alinieleza. Alinieleza kwa sauti ya darasani, kama somo, na mimi ninaendesha.

Baba yake alikuwa mtu wa kaskazini aliyeletwa na kazi ya reli. Mama yake alikuwa wa ukoo wa hapa hapa, upande wa Kipushi. Walizaa wana wawili, Mwalimu na mkubwa wake, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa naye anafanya kazi ya reli. Mwalimu alimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Katika vita ile zilikuja siku ambapo watu wa kaskazini walisakwa nyumba kwa nyumba. Familia ilikimbilia kambi ya wakimbizi na magodoro kichwani. Yaya alikuwa kazini. Alipotoka, njia ya kambi ilikuwa imefungwa, basi akakimbilia kwa Fundi, maana ukoo wa mama yake na ukoo wa Fundi ni watani.

Msomaji wa mbali asifikiri utani ni mzaha wa vijiweni. Kwetu ukoo na ukoo unaweza kuwa watani tangu enzi za mababu, wengine wanasema banungwe, na maana yake ni hii: mtani wako anaweza kukutukana, kukuchukulia kofia, kukuita mchawi mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini akija mlangoni kwako anakimbizwa, huwezi kumfukuza. Ukifa, ndiye anayekuja kuzuia jeneza lako, anakuiga unavyotembea, anasema mabaya yako yote, mpaka wenye msiba wacheke na kumpa kitu ili apishe njia. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu aliyeokotwa.

Fundi alimpokea yaya, akamlaza chini ya meza ya kukatia vitambaa. Siku mbili. Siku ya tatu wakaja askari, na Fundi akafungua mlango, akaonyesha kwa kidole. Mama jirani aliona yote kupitia ukuta wa mianzi. Waliwapakia wawili katika lori, yaya na Fundi, likaelekea barabara ya Kipushi. Jioni Fundi alirudi kwa miguu. Alimtumia mama mzazi neno moja kwamba mwanawe amelazwa kwenye kichuguu kando ya barabara, na kabla hajaulizwa kichuguu gani alikuwa amevuka mpaka na mke na mtoto, akaishi Zambia miaka mingi. Aliporudi, mama alikuwa amekwisha kufa, na amekufa na kilio chake, maana kilio cha mtu asiye na kaburi hakiondolewi.

Sasa, anayeijua ile barabara anajua. Vichuguu vya huku kwetu si vya kurukwa na mbuzi. Vingine vinapita nyumba kwa urefu, vina miti juu yake, na kati ya Lubumbashi na Kipushi vimesimama kulia na kushoto mpaka unachoka kuviangalia. Kila tulipotoka kuchukua suruali, Mwalimu aliniambia nisimame. Alishuka, akaenda kutoka kimoja mpaka kingine, akiweka kiganja juu ya udongo kama anampima mtu homa. Wageni wake hakuwapeleka huko hata mara moja. Mahali pengine pote pa vita aliuza kwa maneno, pale hapana. Akimaliza tulikaa kwenye kichuguu chetu cha kupumzikia, kimoja kikubwa chenye mti wa matawi mawili, tukaegemea mgongo, tukala mihogo na karanga, tukarudi mjini.

Na Fundi yuko mtaani, anashona! Hatua mia tatu kutoka nyumbani kwa Mwalimu. Nilishindwa kuvumilia.

"Maître," nikamwambia Mwalimu, "juu ya nini haumuulizi ule muzee? Yeye njo anajua."

Alimung'unya karanga zake mpaka zikaisha.

"Nikimuuliza, atanijibia," akasema. "Na akinijibia, njo nitamwambia aksanti. Miye, nimwambie ule muntu aksanti?"

Padri naye alijaribu. Alikuja na ujumbe kutoka kwa Fundi kwamba yuko tayari kuzungumza, Mwalimu aende tu amuulize. Mwalimu akajibu kwamba hana haraka, anangoja siku yake. Padri alidhani ni siku ya hukumu. Mimi nilijua ni siku ipi, maana alikuwa ameniambia: siku ya kumzika Fundi. Siku hiyo yeye, mtani, atasimama kichwani pa jeneza, na hakuna mtu duniani, si watoto, si padri, si chef de quartier, yaani mkuu wa mtaa, mwenye ruhusa ya kumnyamazisha. Atasema yote, mbele ya wote. Alitunza afya yake kwa ajili ya siku ile. Ile bia moja ya Jumamosi, sasa umeelewa. Wazee wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini huyu hata kovu hakuwa nalo, alikuwa anakiweka kidonda kibichi kwa makusudi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namwonea fahari. Nilitaka kuiona hiyo siku kama watu wanavyotaka kuona fainali.

Fundi alikufa miaka mitatu iliyopita, mwanzo wa kiangazi, kwa ugonjwa wa muda mrefu. Mwalimu alivaa suruali mpya ya Kipushi, mguu mmoja mrefu.

Uwanja ulijaa. Viti vya plastiki, mahema mawili, akina mama wa kanisa na vitenge vya sare, na watu wazima wangapi pale ambao walisomea ndani ya mashati ya marehemu. Jeneza lilipoinuliwa, Mwalimu akatoka mbele akaweka kiganja juu yake. Waliobeba wakalishusha. Watu wakanong'ona, mtani amefika, wakasogea karibu kwa furaha.

"Fundi," akasema, "yaya yangu alikimbilia kwako. Alilala chini ya meza yako siku mbili. Ya tatu ukafungua mulango, ukamuonyesha na kidole. Mulipanda mu camion bawili. Weye ulirudia. Yeye hapana."

Wakacheka.

Mwanzoni mama mmoja tu, kisha hema lote. Mtu akasema kwa nyuma, huyu mtani ni hatari, huyu hata vita anaifufua! Mwalimu akapandisha sauti. Akasema barabara, akasema kichuguu, akamwita marehemu muuza watu, na kila alivyozidi ndivyo walivyozidi, wakipiga makofi, wengine wanafuta machozi ya kicheko kwa kona ya kitenge, maana ndivyo inavyotakiwa, mtani mkali ni heshima kwa maiti. Padri alikuwa anatabasamu akitazama viatu vyake. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni kweli, jamani, ni kweli tupu, na nikaona kwamba wangenicheka na mimi. Miaka yote ile Mwalimu, mwenye akili kuliko sisi sote, alikuwa amechagua saa moja tu ambayo kila neno chungu linahesabiwa mchezo. Vijana wa familia walimletea jogoo, ili apishe njia. Hakumpokea. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye teksi, akakaa, akafunga mlango mwenyewe.

Katika uwanja wote nilimwona mtu mmoja ambaye hakucheka, mwana mkubwa wa Fundi, mtu wa miaka sitini na kitu, amekaa mbele na kofia juu ya magoti.

Tulipofika kwenye mzunguko wa rond-point Mwalimu akasema, "Banacheka." Tukapita soko, tukapita kituo cha mafuta. "Banacheka, mwanangu." Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Tangu hapo aliacha kuwazungusha wageni. Waliokuja aliwaambia vita imekwisha. Kanisani alihama, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, na upande wa wanaume ukakosa sauti. Niliogopa atakufa, na nilikuwa na hasira, sijui hasa na nani, na Fundi aliyekufa kitandani kwake, na wale akina mama, na Mwalimu mwenyewe.

Kiangazi kilichofuata mwana wa Fundi alikuja kwa Mwalimu, mimi nikiwa pale nabadilisha balbu. Alibeba jogoo chini ya kwapa, miguu imefungwa kwa kitambaa. Alisalimu kwa mikono miwili, hakukaa.

"Papa," akasema, "kuku yako uliiacha ku kilio. Na kuko kintu baba aliniachia juu yako. Mbele ya kufwa alinipeleka ku ile fasi ya kichuguu. Alisema, ule muzee akiniuliza tu, hata leo, nitamupeleka."

Mwalimu alitafuta viatu vyake.

Tulikwenda watatu, Mwalimu mbele, mwana wa Fundi nyuma na jogoo wake. Ninaijua barabara ile kama ninavyojua meno yangu, lakini siku hiyo niliendesha kwa kufuata kidole cha mtu. Mbele kidogo. Bado. Pita nguzo ile ya umeme. Hapa. Nikazima gari, na hapo nilikuwa nimezima gari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ni pale petu pa mihogo na karanga.

Ila kichuguu hakikuwapo. Mwaka mzima Mwalimu hakuwa amekwenda Kipushi, na katika mwaka huo walikuwa wamekuja wafyatua matofali. Udongo wa kichuguu ndio bora kwa tofali, kila mtu kwetu anajua, ndiyo maana vinaliwa kimoja kimoja jinsi mji unavyopanuka. Palikuwa na shimo tu, na maji ya kijani chini yake, na tanuru moja linatoa moshi, na ule mti wa matawi mawili umekatwa kuwa kuni. Mwalimu akamuuliza mfyatua matofali mmoja, mtu mzima mwenye matope mpaka viwikoni, kama katika kuchimba walikuta mifupa. Yule akamjibu kwa adabu kwamba wao wanachimba, hawaangalii, udongo ni udongo. Mwalimu akamuuliza matofali yamekwenda wapi. Yamekwenda Ruashi, huko mjini, kwa wanaojenga. Mimi ninakaa Ruashi, nimeongeza vyumba viwili mwaka ule ule, na sikuuliza mtaa gani.

Mwalimu alisimama ukingoni. Nilimwona akitafuta pa kuweka kiganja, na hapakuwa na kitu.

Mwana wa Fundi akamkaribia. "Papa, baba hakukuwa muntu mubaya. Balimuwekea chaguo. Bunduki ilikuwa ku kichwa yangu. Nilikuwa mutoto wa kubeba ku mugongo."

"Ninajua."

"Ulijua?"

"Ule mama jirani aliona yote. Mama yangu aliniambia. Nilijua tangu zamani."

Mimi sikujua. Miaka yote ile katika gari langu, hilo hakuwahi kunisimulia. Nilimtazama, suruali yake ya mguu mrefu inaburura kwenye matope, na nikaelewa kwamba angeweza kumpata yaya wake siku yoyote, kwa swali moja, na kwamba miaka yote migongo yetu ilikuwa imemwegemea. Naye alikuwa ameelewa kabla yangu. Uso ulimtetemeka upande mmoja, akauzuia kwa mkono.

Mwana wa Fundi akamnyooshea jogoo kwa mikono miwili, kichwa chini, jinsi mwenye msiba anavyompa mtani ili utani ufungwe. Safari hii Mwalimu alimpokea. Alimshika vizuri, akamfungua kitambaa cha miguuni, akamtuliza mabawa kwa kiganja, muda mrefu, mpaka yule jogoo akanyamaza. Nikapumua. Nikasema moyoni, imekwisha.

Kisha akamrudisha mikononi mwa yule mtu.

"Kuku hii upelekee baba yako," akasema. "Umuambie ninakuja. Umuambie sijamaliza."

Yalikuwa maneno ya mtani, sawasawa kabisa, maneno ambayo penye kilio yangeangusha hema kwa kicheko. Mwana wa Fundi akautazama uso wa Mwalimu. Wafyatua matofali walikuwa wamesimama wanasikiliza. Safari hii hakuna aliyecheka.